Bega la Kushoto la Orville Hruska

Jumamosi asubuhi, baada ya kahawa na maandazi ya plamu, wanachama wa klabu ya ndege ndogo za rimoti hukusanyika kwenye kiwanja cha nyasi kando ya mashamba ya mahindi, huko Nebraska. Anayeshika rimoti hutazama kindege chake tu, kwa hiyo mwenzake husimama nyuma, mkono begani, akiangalia anga. Ikitokea ndege yenye mtu ndani, mwenzake hupiga kelele, "Ndege!" na kindege hushuka mara moja. Mwenye roho ndiye anayepishwa, hata watoto wa pale wanajua.

Orville Hruska alikuwa akishikwa bega la kushoto na mkewe, Loretta. Loretta alipofariki, Orville hakumruhusu mtu mwingine kulishika.

"Mzee, nikusimamie?" jirani yake Delbert humuuliza kila wiki.

"Hapo pana mwenyewe."

"Mwenyewe yuko makaburini, jamani!"

"Basi sogea, unamkanyaga miguu."

Watu walicheka, wakamwacha. Nani wa kumgombeza mfiwa?

Binti yake, Marlys, hunyunyizia mahindi dawa kwa ndege, na akigeuza hupita juu ya kiwanja. Mara ya kwanza kindege cha baba yake kilipomjia usoni bila mtu kupiga kelele, hakuwa na pa kukwepea, kwa hiyo ndege yake ikanywea, na yeye ndani yake, mpaka wakapishana vizuri. Alipotua alikuwa amerudia karibu kimo chake chote. Viatu tu vilimpwaya.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Mke wa Delbert alimpunguzia nguo, kisha akaanza kumshonea za mwanasesere. Wakati wa mavuno Marlys alikuwa sawa na kijiko cha chai, na ndege yake iliegeshwa mezani, karibu na birika la kahawa.

"Baba, naogopa," alisema Jumamosi moja. "Nikipungua tena, hutaniona."

Orville akampakata kiganjani, akambusu utosini kwa uangalifu. Chozi lake moja lilimlowesha binti mzima.

"Usilie, Baba. Niweke begani nikuangalizie. Sauti ninayo bado."

Orville akaligeukia bega lake.

"Hapo ni pa mama yako, mwanangu," akasema kwa upole.

Akamtia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akafunga kifungo asije akaanguka. Mle ndani mna joto, ila anga haionekani. Kisha akarusha kindege.

Ndege ya daktari wa ng'ombe kutoka mji wa pili ilikuwa ikiingia juu ya mahindi, ingali kubwa. Marlys akasikia injini.

"Ndege! Baba, ndege!"

Orville akapigapiga mfuko kwa kidole, akimbembeleza.