Wimbo wa Kunong'ona

“Tokeni wote,” mama mkwe alisema. “Mnaniombea au mnanipigia kelele?”

Wanawake wa kanisani walikuwa wamekizunguka kitanda chake, wakiomba hadi vioo vya dirisha vinatetemeka. Tangu apatwe na kiharusi, kila sauti ilimchoma kichwani kama sindano. Wakatoka mmoja mmoja, wameinamisha macho. Nami nikachukua mkoba wangu niwafuate.

“Wewe baki. Wewe huna kelele.”

Hakukusudia kuniumiza, lakini neno lile lilinipata pabaya.

Mwaka uliotangulia nilikuwa mwimbaji kiongozi wa kwaya. Nikianza ubeti, hata watoto waliokuwa wakikimbizana nje walisimama. Siku za kazi nilifundisha chekechea, na sauti hiyohiyo iliwapanga mstari bila fimbo. Kisha uvimbe ukaniota kooni. Daktari aliniokoa, namshukuru. Ila nilipozinduka na kuomba maji, kilichonitoka mdomoni kilikuwa upepo mtupu. Itarudi, waliniambia. Haikurudi.

Shuleni nikahamishiwa stoo, nikawa wa kugawa chaki na mifagio. Kanisani nikaacha kwenda. Mume wangu, fundi bomba asiyeishiwa utani, alijitahidi kunichangamsha. “Sasa hata tukigombana,” alisema, “nashinda mimi.” Nilicheka naye, halafu nikaenda kulia bafuni, maji nimeyafungulia. Humo ndimo nilimomgombeza Mungu. Angechukua kitu kingine chochote, ningeelewa. Kwa nini achukue kilekile nilichokuwa nikimletea yeye?

Mama mkwe naye hakuwahi kunisifu. Watu walipopiga makofi baada ya wimbo, yeye alikuwa akijirekebishia kitambaa kichwani. Sasa nusu ya uso wake ilikuwa imelegea, na mkono wake wa kulia umelala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine.

“Imba,” akasema.

“Mama, sauti sina. Unajua.”

“Kwani nimekuomba sauti? Naogopa, mwanangu. Imba.”

Mwanangu. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Nikasogeza stuli mpaka mdomo wangu ukawa karibu na sikio lake, nikaanza. Ilikuwa mikwaruzo na pumzi. Pale wimbo ulipopanda sikuweza kuufuata, nikayasema maneno tu, kama mtu anayemhadithia mwenzake. Baada ya ubeti wa kwanza nikasahau kujisikiliza. Miaka yote ile ya kuongoza kwaya nilikuwa naisikia sauti yangu. Maneno yenyewe, kwamba Bwana yupo na hatuachi, nadhani sikuwa nimeyasikia. Siku hiyo yalitoka polepole, moja moja, yakanipitia mimi kwanza kabla ya kumfikia yeye. Midomo yake iliyopinda ikaanza kuyafuata. Machozi yakanitoka, lakini hayakuwa yale ya bafuni.

“Zamani ulikuwa unaimba vizuri mno,” alisema, macho ameyafumba. “Nilikuwa naona wivu. Ila huu wa leo ndio nimeuelewa.”

Alipata nafuu ya kuweza kutembea kwa kuegemea ukuta, akaishi miaka kadhaa zaidi, na alasiri nikitoka stoo nilipitia kwake. Kwenye kwaya nilirudi, safu ya nyuma, na wenzangu wakawa wananituma kwa wagonjwa wasiotaka makelele. Sauti haijarudi hadi leo. Niliacha kuidai, sijui hasa ni lini.

Ila siku ile, usingizi ulipomchukua, niliuvuta mlango taratibu. Mume wangu alikuwa koridoni, ameketi juu ya sanduku lake la vifaa, macho mekundu.

“Amelala?”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Na wewe je?”

Nilifikiri kidogo. Kwa miezi mingi nilikuwa nakula kwa kubembelezwa, kila tonge nikilimeza kama dawa.

“Njaa inaniuma,” nikanong'ona.

Alinitazama kana kwamba nimemwambia habari kubwa. Kisha akakurupuka kwenda jikoni, nikamsikia anapekua masufuria kwa vishindo, mpaka alipokumbuka kwamba mama yake amelala, akaanza kuyashika moja moja, polepole, kama mayai.