Mgeni Kwenye Kiputo

Asubuhi Daktari Yeh alipopita wodini, katika hospitali ya macho pale Tainan, alimkuta Siokim amelala kifudifudi kama alivyoagizwa, uso umeingia kwenye tundu la kitanda. Tangu utotoni Siokim alikuwa haoni mbali. Macho yake yalirefuka kupita kiasi, hata retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, ukavutika, ukatoboka katikati na kubanduka. Jana yake daktari alikuwa amembandua kijingozi juu ya utando huo, kama mtu anavyoinua utandu wa maziwa ya soya yanapopoa, akakikunjia juu ya tundu kiwe kifuniko. Kisha akajaza jicho gesi. Mgonjwa akitazama chini, kiputo cha gesi hupanda na kuikandamiza retina hadi ishike.

"Unaona nini?" daktari aliuliza.

"Ukungu. Na mdogo wangu."

"Amekaa wima au amepinduka?"

"Wima."

"Vizuri. Asikufanye uinue kichwa tu. Kiputo kitanywea chenyewe, naye ataondoka nacho."

Mdogo huyo, Gioklan, alikaa ndani ya kiputo akiwa na umri ule ule aliofia, miaka saba. Zamani akina Lim walikuja kutafuta binti wa kulea, aje kuolewa na mtoto wao. Walimtaka Siokim, aliyekuwa mkubwa. Mama Lim akamwambia ahesabu bata bwawani. Siokim akauliza, bata gani? Basi wakamchukua Gioklan, aliyewaona wote, hata yule aliyejificha majanini. Homa ikamuua hukohuko. Akina Lim wakasema hakuwa ameolewa, hana nafasi kwenye madhabahu yao ya wahenga. Kwao nako wakasema alishatolewa. Hakuna nyumba iliyomchomea ubani.

Siokim alikuwa na hamu ya kumwona mdogo wake maisha yake yote, hata katikati ya harusi yake mwenyewe.

"Ulikuwa unakaa wapi?" alimuuliza.

"Nje nje tu, dada. Humu mwako kuna joto."

Mchana alikuja kaka yao mkubwa, Bunhiong, mtunza madhabahu ya ukoo, amebeba uji wa samaki. Alipoambiwa nani yupo, alijilaza sakafuni chini ya kitanda, miguu ikatokeza nje, akachungulia jichoni.

"Shikamoo, kaka," alisema Gioklan.

"Marahaba. Umekonda, mama."

Akamshikia kijiko cha uji chini ya jicho mpaka mvuke ulipokwisha.

"Kaka, mwandike basi kwenye kibao cha wahenga," alisema Siokim. "Jina moja tu. Alikwenda badala yangu."

"Siwezi. Alishatolewa yule."

"Si umemsalimia sasa hivi?"

"Kumsalimia si neno. Madhabahu ni ya ukoo, Siokim, si yangu mimi."

"Kaka hajabadilika," alisema Gioklan. "Kichwa kigumu vilevile."

Bunhiong alicheka kidogo, akajifuta vumbi, akaenda zake na bakuli.

Siku zilivyopita kiputo kikaanza kunywea, na Gioklan akapungua nacho. Daktari Yeh alipomulika jicho alisema tundu limeziba na retina imeshika.

"Nasikia wengine unawawekea mafuta badala ya gesi," alisema Siokim. "Yale hayanywei."

"Hayanywei, lakini yakikaa sana yanaharibu jicho. Lako limepona."

"Liharibike, daktari."

Daktari alimpapasa bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Gioklan sasa alikuwa punje tu ya mchele.

"Dada, mimi sasa niende wapi?"

Siokim akawa anatafuta jibu. Alipitia nyumba zote alizozijua, na katika kila nyumba kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye funguo. Alikuwa bado analitafuta jibu hilo, kiputo kilipokwisha na sakafu ikaonekana waziwazi, kila mchirizi wa saruji mahali pake.

Muuguzi akaja kutandua kitanda. "Inuka, mama. Umeshapona."

"Najua nimepona, mwanangu," alisema Siokim, uso bado kwenye tundu. "Ila ameniuliza aende wapi, na mimi sijamjibu."