Aliyetwikwa Neno

Mama Jedidah aliniwekea mkono mgongoni, ngoma zikanyamaza, na watu wapatao sitini waliovaa kanzu nyeupe wakanigeukia. Sikuwa nimewahi kusimama mbele yao hata kutoa salamu. Magoti yalinitetemeka. Kwao, kutetemeka vile kulikuwa na maana moja tu: Roho ameshuka.

"Sema, mwanangu," aliniambia. Yeye ndiye aliyekuwa mfasiri wa kanisa letu pale Migori. Mtu akitabiri, husimama kando yake na kuwaeleza wengine maana.

Kwenye benchi la mbele alikuwa ameketi dada yangu Dolphine, pamoja na mchumba wake James, mfanyabiashara wa samaki kutoka kisiwa cha Mfangano. Harusi ilikuwa imebakiza wiki mbili.

Nilikuwa na jambo la kusema, nalo halikuwa ndoto. Mwaka uliotangulia, 1994, nilifua mashuka katika hospitali moja ndogo upande wa Homa Bay. Niliachia shule darasa la sita, na kufua ndiyo kazi niliyopata. Katika wodi ya wanawake alilazwa mke wa James. Ndiyo, mke. Siku kumi na moja nilimwona James akimlisha uji kwa kijiko, kwa upole ambao sijauona tena kwa mwanamume. Mwanamke alipokufa, muuguzi alinisukumia mashuka yake kwa mguu, akanikataza kuyashika bila glavu. "Ni ule ugonjwa," alisema. "Mwombee na huyo bwana yake."

Kwetu James alisema hajawahi kuoa.

Jioni nyingi nilikaa jikoni na Dolphine, nikitaka kumwambia.

"Nyanchoka, mbona unaniangalia hivyo? Unataka samaki? Nikiolewa utakula mbuta mpaka uote mapezi."

"Hakuna kitu. Ni moshi tu."

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na wanawake wa sokoni walikuwa wamezoea kumuuliza kama anangoja kuolewa na malaika. Sikuweza kumzimia ile furaha. Mimi ni mtu ambaye nikiuziwa nyanya zilizooza, naziweka kikapuni na kusema asante.

Ndipo akaja Mwalimu Nyamhanga kutufundisha kitabu cha Malaki. Alikuwa mwinjilisti kutoka Kehancha, aliyejua Kiebrania kidogo na kukipenda sana.

"Hapa tunasoma ufunuo," alisema, akigonga Biblia kwa kidole. "Kiebrania ni massa. Ni kitu kinainuliwa, kama gunia, na kuwekwa juu ya mtu. Msidhani nabii ni wa kubashiri kesho. Nabii ni mtu ametwikwa. Hakuomba. Na hawezi kuutua huo mzigo mpaka afike kwa mwenyewe."

Nililia pale nyuma, nimejifunika kitambaa. Ilikuwa kana kwamba ameishika shingo yangu na kuuona uchovu wake. Nikawaza: basi nitasema kama nabii. Kwa jina langu nisingeweza. Kwa jina la Bwana, huenda ningeweza.

Kwa hiyo wiki iliyofuata nilisimama.

"Nimeonyeshwa," nilisema, na huo ndio uongo pekee niliousema siku ile. "Nimeonyeshwa kaburi. Dolphine asiende Mfangano."

James aliinamisha kichwa. Nilimwona akimeza mate, nikajua amenikumbuka, msichana wa kwenye kamba za mashuka. Ningeongeza maneno machache tu: nilimfulia mke wako. Maneno ambayo mtu yeyote angeweza kupanda gari akayaulizia hospitalini. Lakini Mama Jedidah alikuwa ameshainua mkono.

"Kaburi ni maisha ya kale," alifasiri. "Dolphine asiende bila maombi, kwa sababu adui anaiwinda ndoa hii."

Ngoma zikapigwa. Waliwazunguka wachumba wakiimba, na Dolphine akaja kunikumbatia, mashavu yamelowa. "Hata wewe, mwoga wetu," alininong'oneza. Mlangoni, Mwalimu Nyamhanga alinipa mkono. "Sasa umeutua," alisema.

Baada ya hapo ningesema nini? Neno lilikuwa limeshafasiriwa.

Dolphine alirudi nyumbani mgonjwa mwaka wa 1998, James akiwa amezikwa. Mimi ndiye niliyemwogesha. Asubuhi moja, nikimkausha kwa leso, aliniuliza bila kunitazama.

"Ile siku kanisani. Ulionyeshwa, ama ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nje kuku walikuwa wakipekua makapi ya wimbi.

"Si ungeniambia tu," alisema. "Wewe na mimi."

Kisha akanyoosha mikono nimvalishe gauni, nami nikaanza na wa kushoto, ule uliokuwa ukimuuma.