Maharagwe Mawili ya Mama Akwero

Mimi Zubairi ni mwoga, na nalisema mapema nisije nikasifiwa bure. Mwaka wa sabini na saba nilikuwa msaidizi wa wauguzi, nikiwazungukia majumbani wagonjwa wa saratani ambao hospitali ilikwisha kushindwa kuwaponya. Daktari wetu alitaka kujua uzito wa moyo pia, si maumivu ya mwili tu. Basi nilibeba kopo na maharagwe kumi: mgonjwa anatia koponi kadiri moyo unavyomlemea, nami naandika kwenye kadi. Yakizidi matano, naandika na sababu, na daktari anakwenda mwenyewe.

Mama Akwero wa Kamwokya alitia yote kumi.

Mwanawe Odur, askari Mwacholi, alikuwa amekimbilia Nairobi Waacholi wenzake walipoanza kuchukuliwa kambini na kuuawa. Mimi ni Mnubi, na waliowachukua walikuwa watu wa kabila langu. Mama aliniamini hata hivyo.

"Mutoto yangu akisikia redio inatangaza kifo yangu, atakuja kunizika," alisema. "Watamukamata. Mwambia daktari amupelekee neno: asikuje."

Daktari alikwenda Nairobi kila mwezi. Lakini kadi zilipitia kwa karani, na karani alikuwa na shemeji katika idara ya usalama. Ningeweza kumnong'oneza daktari, ndiyo. Nilijiambia hana nafasi. Uongo mtupu, niliogopa jina langu kukaa karibu na la Odur. Nikaandika: maharagwe mawili, hana shida.

Wiki iliyofuata mama aliniuliza hata sijaketi. Nikamwambia ujumbe umefika. Akafumba macho, akatia maharagwe mawili, akaomba uji. Kadi yangu ikawa kweli, na nilifurahi, Mungu anisamehe. Alikufa siku tisa baadaye.

Dada yake, Amito, akiwa ameambiwa na marehemu kwamba Odur ameonywa, alipeleka tangazo redioni bila wasiwasi ili jamaa wasikie. Odur naye akasikia. Walimkamata mlangoni kwa mama yake, hata jeneza hajaliona, na hakuonekana tena.

Nilikwenda kutoa pole. Amito alinirudishia kopo nililoliacha kwa mama, limeoshwa.

"Neno ilimufikia?" aliuliza.

"Ilimufikia, mama."

"Basi alikataa kusikia mama yake."

Mpaka leo anamlaumu Odur. Mimi hunikaribisha chai, nami nainywa.