Maji ya Watu Saba

Lori la maharage lilikata ekseli mlima wa Sekenke, na mwanamke mmoja aliyekuwa juu yake akafika Misigiri kwa miguu. Ilikuwa Juni, mwaka tisini na nne. Alibisha kwa mwalimu Loyce, ambaye alikuwa hajamaliza hata mwaka tangu atoke chuo kikuu.

"Natoka Rwanda," alisema. "Naomba kulala kwako siku tatu."

Ugali ulipoiva, mgeni alishika jagi akasogeza beseni. Loyce akanyoosha mikono, lakini maji hayakumfikia. Mama yule aliyamimina hewani polepole, akataja jina, akangoja kama mtu anayesubiri mwenzake asugue vidole. Kisha jina jingine. Majina saba. La mwisho alilimiminia kidogo tu, maji ya mikono midogo. Loyce akarudisha mikono yake mapajani. Hakuwahi kuona jambo kubwa namna ile, tena ndani ya beseni la plastiki.

"Usimwambie mtu, hata kwenye huo mkutano wa kesho ulionitajia," mama alisema. "Hawa nawanawisha mimi. Sitaki wapigiwe kura."

"Sitasema, mama."

Kesho yake ulikuwa mkutano wa kijiji. Hoja ilikuwa ya Loyce mwenyewe: waandike barua mkoani, kuomba jeshi letu livuke mpaka likazuie mauaji. Mzee Gasto akasimama na mkongojo wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, vita unaijua kwa chaki. Mguu wangu ulibaki vitani Uganda, hata ukiupigia mluzi hauji." Watu wakacheka. "Na mwanangu Elisha yuko kambi ya jeshi. Utamrudisha wewe?"

"Mzee, watu wanakwisha kule."

"Redio leo hivi, kesho vile. Wewe umeona nini kwa macho yako?"

Hakuwa anamkejeli tena. Alikuwa anauliza kweli, na mkutano mzima uligeuka kumtazama Loyce. Beseni lile lilimjia mpaka mdomoni. Angelitaja tu, mikono yote ingenyooka.

"Nimeona, mzee. Ila sina ruhusa ya kusema."

"Ehee! Siri ya jeshi!" mtu akapiga kelele nyuma, na kicheko kikaizika hoja. Barua haikuandikwa.

Loyce alirudi nyumbani macho mekundu. Mgeni alikuwa ameshapika.

"Wamekataa, mama."

"Uliwaambia?"

"Hapana."

Mama akasogeza beseni. Kisha akachukua jagi, akaanza na mikono ya Loyce, akilitaja jina lake taratibu, ndipo akaendelea na wale saba.