Mapafu ya Katekista

Angèle alijua kwamba mumewe Namegabe, katekista wa mtaa wa Keshero, ana mapafu ya aina mbili: ya kukemea tumbaku kanisani na ya kuivuta chooni. Kila jioni alitoka huko akinuka peremende, na mtaa mzima ukajifanya hauna pua.

Kisha Edmond, kaka yake Namegabe aliyejifunza naye kuvuta, akafa Bukavu kwa saratani ya mapafu iliyogunduliwa maji yalipokwisha kumwagika. Namegabe hakuwa na hata kikohozi, lakini chakula kikamshinda. Hospitali moja ilikuwa ikiwapiga picha za skana, bure, watu wa umri wake waliovuta sana, ili ugonjwa uonekane ungali mdogo. Asubuhi moja alimshika Angèle mkono akakiri kwamba anaogopa kufa. Angèle akamhurumia, kidogo, akamsindikiza.

Kwenye meza ya mapokezi wakamkuta Christa, muuguzi aliyefundishwa katekisimu na Namegabe mwenyewe. Shujaa wetu akanywea. Christa aliuliza avuta sigara ngapi kwa siku, na kwa miaka mingapi. Namegabe akanyoosha kola, akasema hajawahi kugusa hata moja. Christa akafunga faili kwa adabu: asiyevuta hakuitiwa picha hiyo, aende kwa amani. Na bwana mkubwa akainuka kwenda! Yaani heri kaburi kuliko kuumbuka mbele ya mwanafunzi wake.

Angèle hakuinuka.

"Mutoto yangu, andika," akasema. "Pakiti moja kila siku, myaka makumi tatu na mbili. Miye njo nafulaka mashati yake na sabuni, harufu naijua."

Namegabe akalazwa kwenye mashine, akaambiwa azuie pumzi. Akaizuia vizuri sana. Alikuwa na mazoezi ya kila mara Angèle alipobisha mlango wa choo.

Vipimo vyote vilipokamilika, daktari akawaambia kuna saratani pafuni, ndogo kama punje ya hindi. Imewahiwa, ikikatwa sasa, mzee ana matumaini makubwa ya kupona. Angèle akafunika uso kwa kitenge akalia, maana pamoja na upuuzi wake wote alimpenda.

Alipofunua uso, mumewe alikuwa ameinama juu ya meza, akinong'ona.

"Docteur, ku karatasi, hamuwezi kuandika kama ni moshi ya makala ya jiko ya mama huyu?"

Angèle akajuta machozi yake. Akamwomba daktari, akishampasua huyo mzee, atazame kama na uongo nao unakatika.