Mguu wa Bi Pindo

Fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Pindo alianza ukubwani kufundishwa na mwalimu kupiga kodiani, na kila wimbo ulimtoka mbio kama mbuzi aliyekata kamba. Wimbo wa kumwingiza bibi harusi ukumbini aliupiga kwa kasi kiasi kwamba bibi harusi angefika kwenye kiti akihema. Na bibi harusi mwenyewe ni bintiye! Jumamosi apige nani, mama mtu au shangazi mtu? Maana wifi yake naye alifundishwa na mwalimu yuleyule, na wifi ni wifi.

"Mwalimu, nakosea wapi?"

"Sikwambii," mwalimu akajibu, akachukua simu ya Bi Pindo, akamrekodi akipiga. "Kajisikilize. Ijumaa nachagua mmoja."

Wifi akacheka. "Huyu haraka kazaliwa nayo. Alitoka mkunga yuko njiani!"

Bi Pindo akarudi kwenye cherehani, akafungulia simu huku anashona kola. Kwanza alilaumu vidole. Akarudia, akalaumu kodiani, kitu cha kuazima. Aliposimamisha mashine ndipo akasikia, chini ya wimbo, ta-ta-ta-ta: kisigino chake kinakanyaga sakafu kama kinakanyaga cherehani. Wimbo unaenda harusini, mguu unamaliza oda!

"Kumbe mchawi ni wewe," akauambia mguu.

Tangu hapo akawa anaimba ule wimbo taratibu huku anashona, na mguu aulazimishe kufuata. Sindano ikapanda na kushuka kwa madaha. Mteja aliyefuata suruali yake akaingiwa na hofu.

"Fundi, unaumwa?"

"Namwingiza bibi harusi. Subiri apite."

Ijumaa wifi alitangulia. Akaruka kipande kizima katikati, akatabasamu kama aliyekula asali. Bi Pindo akafuata. Mstari wa pili mguu ukachomoka. Akaukandamiza chini, akavuta pumzi, wimbo ukarudi kutembea.

"Mmekosea wapi?" mwalimu akauliza.

"Mimi?" wifi akashangaa. "Labda kiti."

"Mstari wa pili nilikimbia," alisema Bi Pindo. "Nikajirudi."

"Basi utapiga wewe. Kesho sitakuwepo kukukonyeza. Namtaka anayejishika mwenyewe."

Wifi akabetua mdomo, kisha akamkumbatia. "Haya, mama bibi harusi. Ila mwanao namshika mkono mimi. Ukikimbia, tunakuacha ufike peke yako."

"Njooni na mwendo wenu," alisema Bi Pindo. "Nitawangoja."